Tupeane uzoefu: tuliosimama kwenye matope ya Uingereza tukisikiliza fidla na gitaa la panki

Mwanzisha uzi

Ndugu wadau, salaam. Mada hii nawaletea wale wachache miongoni mwetu waliokuwa Uingereza, kwa masomo au kwa kazi, kati ya mwaka 1988 na 1995 hivi, wakakutana na bendi zilizochanganya muziki wa kienyeji wa visiwa vile na panki, yaani muziki wa magitaa wa kasi na kelele, pamoja na vijana waliozifuata kutoka tamasha hadi tamasha. Waingereza waliwaita vijana hao wakrasti, na tafsiri yangu ya tangu siku zile ni watu wa ukoko, kwa kuwa tope lililokauka juu ya makoti yao ya jeshi lilifanana kweli na kile kinachobaki chini ya sufuria ya wali.

Naanza mimi. Nilifika Brighton mwaka 1990 nikitokea Unguja, katika nyumba ambayo baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu, na kwa hiyo chombo hicho nilikijua kabla sijajua kusoma. Mwenzangu wa darasani akanichukua kwenye ukumbi mdogo uliokuwa juu ya baa kuwasikiliza Levellers, bendi iliyozaliwa mjini humo mwaka 1988, ikachukua jina la Waingereza wa miaka ya 1640 waliodai usawa mbele ya sheria wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nilitarajia kelele, na kelele zilikuwapo, lakini juu yake palikuwa na fidla ya Jon Sevink. Fidla ya baba ilikuwa ikimngoja mwimbaji amalize, ndipo imjibu kwa upole. Hii ilimtangulia kila mtu, ikawa kama inamkimbiza mpiga ngoma kuzunguka ukumbi. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho na viatu vimekanyagwa hadi kamba zikakatika. Albamu yao ya Levelling the Land ilipotoka mwaka 1991 nilinunua kaseti yake, nikaisikiliza mpaka utepe ukaanza kulegea.

Naomba kila mdau aeleze alivyofika, alichokiona, na pia asichokipenda, maana sitaki uzi wa kusifia tu.

Mdau wa Bradford

Ahsante kaka kwa mada. Mimi nilikuwa muuguzi Bradford, kwetu ni Mombasa, na bendi ya mji ule ni New Model Army, iliyoanza mwaka 1980 chini ya Justin Sullivan na kupewa jina la jeshi la Bunge la karne ya 17. Wafuasi wao walikuwa na desturi ya kuvaa viatu vya soli ya mbao, vile vilivyovaliwa zamani na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza. Mara ya kwanza nilipousikia umati ule ukitembea juu ya sakafu nilicheka peke yangu, kwa sababu bibi yangu alikuwa na mitalawanda yake ya kutawadhia, na mlio ulikuwa ule ule, isipokuwa bibi alikuwa mmoja na hawa walikuwa mamia.

Albamu yao ya mwaka 1989, Thunder and Consolation, ina fidla ya Ed Alleyne-Johnson, na nadhani kaka wa Unguja ataipenda, kwa kuwa humo fidla inaomboleza zaidi kuliko inavyokimbia. Jambo lingine la ajabu lilikuwa lile la watazamaji kupandana mabegani katikati ya wimbo, wa pili juu ya wa kwanza na pengine wa tatu juu yao, akiwa amenyoosha mikono kuelekea jukwaani. Usiku mmoja yule wa juu alidondoka karibu nami akapasuka nyusi. Nilikuwa nimekwenda kupumzika, nikajikuta nimepiga magoti nikimfunga kichwa kwa kitambaa changu cha shingoni, naye ananisihi nifanye haraka kwa sababu wimbo anaoupenda umeanza.

Mdau wa Nairobi, aliyesoma sheria Southampton

Naomba nichangie upande usio wa muziki, kwa kuwa bila huo mtu hawezi kuelewa kwa nini nyimbo zile zilikuwa na hasira. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1984 kulikuwa na tamasha la bure kila mwezi Juni karibu na mawe ya kale ya Stonehenge, na watu wengi walifika kwa mabasi na malori waliyoyageuza kuwa nyumba. Mwaka 1985 mahakama ilitoa zuio. Tarehe 1 Juni msafara uliokuwa ukielekea huko ulizuiwa na polisi wapatao 1,300, ukaingia katika shamba la maharage, na humo madirisha ya magari yakavunjwa na zaidi ya watu 500 wakakamatwa. Mwaka 1991 baadhi yao walishinda kesi ya madai dhidi ya polisi na kupewa fidia ya jumla ya pauni 24,000, lakini jaji hakuamuru gharama zao za uwakili zilipwe, hivyo fidia yote ikaishia humo. Levellers wana wimbo kuhusu shamba lile, na nilipousikia nilikuwa nimetoka tu kuisoma kesi yenyewe darasani.

Baadaye, Mei 1992, makumi ya maelfu ya watu walijaa katika malisho ya Castlemorton kwa siku kadhaa, na mwaka 1994 ikaja sheria iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi penye muziki, ambao ulielezwa kuwa ni pamoja na mfululizo wa midundo inayojirudia. Niliisoma ibara hiyo mara tatu. Kwa tafsiri hiyo, hakuna harusi ya uwanjani kuanzia Lamu hadi Kilwa ambayo ingesalimika. Kilichoniumiza zaidi ni kifungu kilichopata mjadala mdogo, kilichoziondolea halmashauri wajibu wa kuwatengea jamii za Wagypsy viwanja vya kuegesha makazi yao, wajibu uliokuwapo tangu sheria ya mwaka 1968. Watu wale hawakuwa na bendi wala tamasha, nao waliumia kuliko wote.

Mdau wa London, asili Bukavu

Mimi nitasema nisichokipenda, kama mlivyoomba. Niliishi mtaa mmoja na hao watu wa ukoko, katika nyumba tupu ambazo wao waliziingia bila kupanga na sisi tulilipia kodi kubwa jirani yake. Nilikuwa nimekimbia kwetu na shati moja, nikajitahidi kila asubuhi lile shati liwe safi ili mtu asinidharau kazini, kisha nakutana na kijana aliyetoboa suruali yake kwa makusudi, amesokota nywele zake za kimanjano zikawa rasta, na wikiendi anakwenda kufuliwa nguo kwa mama yake. Polisi walimsimamisha yeye kwa sababu ya mavazi na mimi kwa sababu ya ngozi, ila yeye angeweza kunyoa. Muziki wao nauheshimu, na hata nilicheza. Hilo la kuchezea umaskini halikuniingia, na halijaniingia hadi leo.

Mdau wa Tanga

Kaka wa Bukavu, shikamoo, na maneno yako ni ya kweli kwa wengi wao. Niruhusu niongeze wale wengine, kwa kuwa mwaka 1992 nilipoteza chumba changu nikakaa majira yote ya kiangazi katika basi la mtu niliyemjua kwenye foleni ya chai tamashani, chai ya viungo, iliyouzwa kwa jina hili hili letu. Katika mabasi yale niliwakuta vijana ambao hawakuwa na mama wa kuwafulia. Mwaka 1988 serikali ilikuwa imewaondolea wengi wa miaka 16 na 17 posho ya kujikimu, na aliyefukuzwa nyumbani katika umri huo alibaki na barabara tu. Mwenye basi alikuwa mmoja wao. Alijua kurekebisha injini ya dizeli kwa waya na kijiko, na alioga mtoni kila siku, kwa hiyo huyu hakuwa wa ukoko hata kidogo.

Mbwa wake alifungwa kwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi, kama mbwa wao wote. Marehemu baba yangu alikata mkonge maisha yake yote, na kamba za namna ile kwa wakulima wa Ulaya zilitoka kwetu kabla plastiki haijatuvunjia soko. Nilimweleza jamaa habari hiyo nikiwa nimeshika kamba yake ya plastiki yenye rangi ya chungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ya katani ingemfaa mbwa zaidi. Nikamwambia ingemfaa.

Tulipita pia Twyford Down, karibu na Winchester, ambako vijana walipiga kambi kuzuia barabara kuu ya M3 isikate kilima. Walijiita Dongas, kutokana na njia za kale zilizochimbika kilimani hapo, na jina hilo lilitoka katika lugha za kusini mwa Afrika, likiwa na maana ya korongo. Nilikuwa mtu pekee mweusi kambini, nao wamejiita Makorongo! Waliondolewa kwa nguvu Desemba mwaka huo, siku waliyoiita Jumatano ya Njano kwa rangi ya makoti ya walinzi, na barabara ikajengwa.

Mwanzisha uzi

Nimewasoma wote. Namjibu kaka wa Bukavu kwamba hata mimi nilinunua koti la jeshi lililochakaa, na baba alipoiona picha aliniandikia kuniuliza kama pesa za ada zimepotea.

Kwa wanaouliza kuhusu tamasha kubwa la Glastonbury, mimi nilikwenda mwaka 1994, siku chache baada ya jukwaa kuu la piramidi, ambalo nje ya msimu lilikuwa zizi la ng'ombe, kuungua moto, tukatazama jukwaa la muda. Levellers walifunga usiku wa Ijumaa. Nilikuwa mbali mno kumwona Sevink, ila fidla ilifika. Tangu mwaka 2003 wana tamasha lao wenyewe huko Devon, Beautiful Days, lisilo na matangazo ya makampuni, na nimekwenda mara mbili nikiwa na binti yangu, ambaye alilala usingizi katikati ya wimbo nilioutamani kuliko yote.

Kaseti yangu ilikatika mwaka 1997. Mdau aliyebaki na ya kwake naomba tuwasiliane kwa ujumbe wa faragha, mashine ya kuichezea ninayo na inafanya kazi.