Naomba ushauri: chumvi ya barabarani imelila gari langu kwa chini

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Leo usiku wa nne sipati usingizi. Nina miaka sita huku kwenye baridi, na kila theluji ikianza, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu hayakauki kwenye barabara ninayopita kwenda kazini. Jumamosi alfajiri ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri, wakamwaga, mchana barabara ikawa maji matupu. Nikaingia uvunguni mwa gari kutafuta kitu kilichokuwa kinagonga. Nilichokiona kimenivunja moyo: kutu kuanzia chini ya milango hadi nyuma, sehemu nyingine inabanduka kama gome la mti.

Swali langu ni moja tu. Ile rangi nyeusi ya mpira ya kupaka chini ya gari, ukiipaka juu ya kutu, inashika muda gani? Aliyewahi kuitumia anijibu, tafadhali msinipeleke mbali.

Mzee wa Lori
Kijana, usiitukane chumvi. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipanda daraja usiku nikidhani lami imeloa. Haikuwa maji, ilikuwa barafu nyembamba isiyoonekana. Daraja huganda kabla ya barabara kwa sababu upepo unalipoza juu na chini. Lori lilizunguka na tela lake, likaja kusimama limeelekea nilikotoka. Usiku ule gari la chumvi lilikuwa halijapita. Tangu siku hiyo nikiona taa zake mbele yangu nakaa nyuma yake kwa mbali, wala sina haraka. Kokoto linazorusha zikinipasua kioo, nitanunua kingine.

Fundi Uvungu
Mkuu, kupaka rangi ya mpira juu ya kutu ni kufunika kidonda kibichi. Maji ya chumvi yanapenya kwenye ufa, yanakaa ndani, na chuma kinaliwa huku nje kunang'aa. Kutu inakwanguliwa kwanza, chuma kinaoshwa, kinakauka, ndipo unapaka. Mafuta mazito ya nta ni bora kuliko mpira kwa sababu yanatambaa hadi kwenye maungio.

Ila nina maswali mawili. Mbona unauliza itashika muda gani, huulizi namna ya kuitoa kutu? Na breki zikoje? Mabomba ya breki ya chuma yanapita hukohuko.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa naosha gari langu juu tu, linapendeza, chini sikuwahi kugusa. Tena usiku nalilaza kwenye gereji yenye joto nikiamini nalitunza. Kumbe nilikuwa naichochea kutu! Kwenye baridi kali inaenda polepole. Chumvi ikipata maji na joto ndipo inapokula. Sasa kila nyuzi zikipanda juu ya sifuri napeleka gari lipigwe maji ya presha chini, hasa kwenye matao ya magurudumu. Osheni chini jamani.

Mlinzi wa Miti
Nyote mnalilia vyuma. Chumvi hiyo ikiyeyuka inaenda wapi? Kloridi iliyomo kwenye chumvi haiozi wala haipotei, inashuka hadi kwenye visima na mito. Miti ya kando ya barabara inakauka upande unaorushiwa maji na matairi. Wanyama wanatoka porini kuja kulamba lami, wanagongwa. Jimbo la New Hampshire kule Marekani lilianza kuijaribu chumvi barabarani mwaka 1938, na hadi leo dereva anataka lami nyeusi saa moja baada ya theluji kuanguka. Tupunguze mwendo, tufunge matairi ya baridi, chumvi nayo itapungua.

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Asanteni. Fundi, breki zinashika. Kanyagio linashuka kuliko zamani, lakini ukikanyaga mara mbili gari linasimama. Nirudi kwenye rangi: ikipakwa mara mbili?

Fundi Uvungu
Hapana, haturudi kwenye rangi. Umeongeza mafuta ya breki mara ngapi?

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Mara mbili mwezi huu.

Fundi Uvungu
Bomba linavuja. Breki za gari zimegawanywa njia mbili, ndiyo maana bado linasimama. Njia moja ikifa, unabaki na nusu ya breki kwenye barafu. Funguka mkuu, hilo gari linakwenda wapi?

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Haya. Nimeshaliuza. Mnunuzi ni dada tunayefanya naye kazi, ametoa nusu ya hela na kesho jioni anakuja kulichukua. Msinihukumu haraka. Alilizunguka mwenyewe, akaliwasha, akaridhika. Alitaka gari la bei ndogo na haendi mbali, ni kupeleka watoto shule na kurudi. Nusu ile nimeshalipia kodi ya nyumba. Na mimi mwenyewe gari hili niliuziwa hivihivi, hakuna aliyenionea huruma.

Mama Wawili
Watoto! Umeandika mistari yote ile kuhusu rangi, watoto umewaficha hadi uvutwe ulimi. Kaka, huyo dada alizunguka gari, hakuingia uvunguni.

Tairi Nne
Wakuu, mnatoa machozi kwa chai. Someni tena alichoandika. Nyuzi 24 chini ya sifuri, ikamwagwa chumvi, mchana maji matupu! Chumvi ya kawaida kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri tayari inachechemea, na ikifika 21 imekwisha kabisa, hata uimwage gunia. Baridi ya namna hiyo wanamwaga mchanga tu ili tairi lishike. Huyu hajawahi kuishi kwenye theluji. Kesho atatuletea uzi wa jangwani.

Mzee wa Lori
Tairi Nne, hesabu yako ni sahihi kwa chumvi ya mezani. Lakini wengine huilowesha kwa kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine, nayo inayeyusha hata kwenye baridi ya namna hiyo. Tena ile inavuta unyevu hewani, gari linabaki limeloa chumvi hata siku kavu. Kutu anayoieleza naifahamu.

Tairi Nne
Basi aseme mwenyewe. Kimya chake kinanipa shaka.

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Sikuwa kimya, nilikuwa nje. Nyuzi 24 zilikuwa alfajiri; jua lilipotoka zilipanda hadi 6 chini ya sifuri, ndipo barabara ikalowa. Wanaweka nini kwenye chumvi yao sijui, naona tu inaacha michirizi.

Fundi Uvungu
Mimi sitafuti ushahidi wa nyuzi. Iwe chai au isiwe, anayesoma hapa na kanyagio lake linashuka ajue. Mleta mada, chukua tochi, angalia theluji chini ya kila gurudumu.

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Ndiko nilikokuwa. Gurudumu la nyuma kushoto kuna doa kwenye theluji, linaelekea njano. Nimeligusa, linateleza vidoleni. Si maji.

Mama Wawili
Na dada wa watu?

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia breki na nimemwambia kutu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza hela yake atarudishiwa lini. Nimemwomba hadi mwisho wa mwezi, hajanijibu.

Fundi Uvungu
Usilisogeze hapo lilipo, hata kwenda kwa fundi. Liende likiwa limebebwa. Ukifunga bomba jipya omba la shaba na nikeli, hilo chumvi hailiwezi.

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Sawa mkuu. Kesho nitaenda kazini kwa miguu.