Tramu ya Montpellier: mwenyeji bure, mgeni alipe. Ni haki?

Mwanzisha mada: Wakuu, nimetoka Montpellier, kusini mwa Ufaransa, kumtembelea mdogo wangu anayesoma kule. Siku ya kwanza tulishukia Place de la Comédie, uwanja wa katikati ya mji ambao wenyeji huuita Yai kwa umbo lake. Jumba la opera la mwaka 1888 upande mmoja, chemchemi yenye sanamu za mabinti watatu mbele yake, meza za mikahawa kila upande. Gari hulioni, tangu miaka ya 1980 magari yanapita handakini, chini ya miguu yako. Raha tupu. Ila dogo kapanda tramu, ile treni ya mitaani, bure, mimi nimekata tiketi! Tangu tarehe 21 Desemba 2023 wakazi wa Montpellier na miji na vijiji jirani, jumla 31, hawalipi usafiri. Mgeni analipa. Naona tunaonewa, wakati mikahawa ya pale tunaijaza sisi. Mnasemaje?

Wa Arusha: Mkuu, Serengeti mgeni analipa kwa dola, wewe unaingia kwa shilingi zako chache. Hapo hukuonea mtu huruma?

Mkazi: Kaka, hiyo "bure" ni jina tu. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi anakatwa kodi ya usafiri kulingana na mishahara anayolipa. Tramu inaendeshwa na hela hiyo. Wewe umechangia nini zaidi ya kunywa kahawa?

Mwanzisha mada: Na mwenye mkahawa mwenye wahudumu 15, hela ya kodi anaitoa wapi kama si kwenye kahawa yangu?

Mpita njia: Mnabishania haki, mimi nauliza akili. Dunkerque, kaskazini huko huko Ufaransa, tangu Septemba 2018 basi ni bure kwa yeyote, hata aliyefika jana. Luxembourg nayo tangu 2020, nchi nzima, ukiacha daraja la kwanza la treni. Hakuna cha tiketi. Montpellier wao wamebaki na mashine na wakaguzi, na mkazi mwenyewe lazima awe na pasi. Umefuta nauli ukabaki na usumbufu wake.

Mkazi: Dunkerque ina watu kama laki mbili na mabasi tu. Hapa tumepita laki tano, na wakati nauli inafutwa mji ulikuwa unajenga njia ya tano ya tramu. Reli si mchezo, kila senti ya mtalii inatafutwa.

Wa Arusha: Si ndiyo Serengeti yenyewe hiyo.

Mwanzisha mada: Hapana ndugu. Mbugani mtu anakwenda kustarehe. Kwenye tramu kuna anayekwenda kibaruani. Mchukue mtu anayelala Sète au Lunel, nje ya hiyo miji 31, na kila asubuhi anakuja kufanya kazi Montpellier. Mwajiri wake anakatwa kodi kwa mshahara wa mtu huyo huyo, kodi inawapandisha wengine bure, halafu yeye tramu analipia!

Mpita njia: Hapo umegonga penyewe. Ungeanza na huyo, si na kahawa yako.

Mkazi: Huyo wa Lunel anaonewa kweli, sibishi, wampe pasi. Ila wewe mtalii, kata tiketi.