Njia nne zikikamilika Mbeya, moja iwe ya daladala peke yake?

MwanaUyole:
Wadau, upanuzi wa TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kuwa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi unazungumzwa kama vile foleni itajiondokea yenyewe. Nauliza: kipande cha mjini, tuseme Uyole hadi Mafiat, njia ya kushoto kila upande itengwe kwa Hiace na Coaster tu? Hiace iliyojaa haina sababu ya kusota nyuma ya gari dogo lenye mtu mmoja. Tusipotenga, njia zote mbili zitaliwa na malori, yaleyale yanayoshuka mteremko wa Iwambi kwa nyutro, gia imetolewa, ili suka (dereva) auze mafuta aliyobania.

KimaraMwisho:
Kushoto hakufai. Angalieni mwendokasi ya Dar, Morogoro Road, ilianza 2016: njia iko katikati, zege, ina ukingo, vituo viko katikati na mabasi yanafungua milango kulia. Si urembo huo. Njia ya kushoto inakatwa na anayeingia sheli, anayepinda mtaani, bodaboda anayevizia abiria na guta la viazi. Ukichora rangi tu, mwezi hauishi imeshakuwa maegesho. Hata kule kwenye ukingo, foleni ikibana magari binafsi yanazama humohumo, mengine yanajibanza nyuma ya ambulansi.

KondaMstaafu:
Kimara, Hiace ina mlango kushoto. Ukiiweka katikati, abiria wa Mwanjelwa atashukia wapi, juu ya bampa la Scania? Katikati ni kwa mabasi yaliyoundwa kwa kazi hiyo. Kwetu ni kushoto, ila kituo kichimbwe ndani, nje ya njia, zikae gari 4 kwa mstari, na sehemu ya kuingilia iwe mshazari mrefu. Kikiwa kifupi dereva anaingiza pua, mkia unabaki barabarani, wa nyuma anasimama ubavuni kwake na kupakia hapohapo. Njia imekufa, hata uwe umeipaka rangi ya dhahabu.

ChoraRamani:
Konda kasema la msingi. Naongeza la makutano, maana ndiko njia za basi zinakoharibikia. Mstari usiokatika unamzuia asiyehusika, sawa, lakini mita 30 hadi 50 kabla ya kona lazima ukatike, ili anayepinda kushoto aingie mapema na ajipange mbele au nyuma ya daladala. Usipokatika, atapinda kutoka njia ya pili na kumpita dereva wa Hiace puani. Ukikatika mrefu mno, anayekwenda moja kwa moja anautumia kuruka foleni. Halafu kibao kitaje saa. London njia nyingi za basi zina saa zake kwenye kibao, nje ya hapo yeyote anapita. Sisi asubuhi na jioni zingetosha.

DadaSoweto:
Nani atasimamia? Anayetanua leo pembeni, faini ya 30,000 anaihesabu kama nauli. Na trafiki akimsimamisha mkosaji ndani ya hiyo njia ya daladala, daladala zote zinasimama nyuma yake kusubiri maelezo yaishe. Kamera, au amkamate mbele kwenye sehemu ya kuegesha. Vinginevyo adhabu tunailipa sisi abiria.

SukaWaTunduma:
MwanaUyole, rudi hapa kwanza. "Kwa nyutro ili auze mafuta." Umeshawahi kushika usukani wa semi, au unaziona kupitia dirisha la Noah? Injini ya kisasa ukiachia pedali ya mafuta ikiwa kwenye gia inakata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha. Ukitia nyutro ndipo inaanza kunywa ili isizime. Anayefanya hivyo habanii hata kikombe, anatupa breki ya injini bure.

MwanaUyole:
Kwa hiyo zinazofeli breki Iwambi na Mlima Nyoka zinalogwa?

SukaWaTunduma:
Breki zinaungua. Ukomo wa uzito Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari la ekseli 7. Uzito huo ukikanyagiwa breki mfululizo toka kileleni, drum (ngoma ya breki) inapata moto, inatanuka na kuikimbia lining inayoisugua, fimbo ya chemba, ile inayosukumwa na upepo kubana breki, inafika mwisho wa safari yake. Upepo kwenye mtungi upo, geji inasoma vizuri, gari haisimami. Gia inachaguliwa juu, kabla ya kushuka. Ukijaribu kurudisha katikati ya mteremko mwendo ushakuzidi, gia inakataa kuingia na umebaki nyutro bila kutaka. Washa ekzosi breki, ile inayobana moshi ili injini izuie gari. Ya mguu kanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue kama kilomita 10 kwa saa, achia ipoe, rudia. Unayeshikilia mguu pale ndiye unayeziunguza.

BajajiSae:
Bajaji kwenye njia ya daladala tupo au hatupo? Naona mmeshatusahau.

KondaMstaafu:
Hampo. Mnasimama popote mkono ulipoinuliwa.

BajajiSae:
Na Hiace husimama wapi kaka, mbinguni? Konda kagonga bati mara mbili, gari imeganda katikati ya zebra.

FundiMbalizi:
Suka katoa nusu ya habari. Gari nyingi zinapanda mlima zikiwa zimeshafeli, dereva hajui. Slaki za tela, yaani mikono ya kukazia breki za magurudumu, hazikazwi kwa sababu tela hubadilishwa vichwa, kila mmoja anadhani mwenzake amekaza. Gurudumu moja likiwa legevu, mengine yanabeba kazi yake na kupata moto mapema. Kipimo chepesi: mtungi ujae, mmoja akanyage, mwingine apime. Chemba ya breki saizi 30 ya kawaida, fimbo ikitoka zaidi ya sentimita 5 gari hilo lisishuke popote.

DadaSoweto:
Basi njia ya kushoto kwenye mteremko iwe ya malori, tumalize.

ChoraRamani:
Kushoto ndiko yanakotakiwa kuwa hata leo, dada. Shida ni daladala inayosimama kushoto hukohuko chini ya mlima kushusha abiria, lori lisilo na breki likija linaikuta imeganda. Kituo kisogezwe mbali na mwisho wa mteremko. Na pawekwe mchepuko wa kokoto nene unaopanda kando, uanzie sehemu iliyonyooka ambayo dereva anaiona mapema. Kwenye kona hatauwahi.

KimaraMwisho:
Kokoto zitaibiwa zikajenge misingi ya nyumba.

MwanaUyole:
Nyutro wanatia. Usiku. Tunawasikia wakipita.

SukaWaTunduma:
Hata pampu za zamani, mguu ukitoka gavana inafunga mafuta, kwa hiyo hesabu ni ileile. Lakini umegusa kitu kimoja: usiku inasikika. Lenye ekzosi breki linakoroma mlima mzima. La nyutro linakuja na mvumo wa matairi tu. Hilo la pili nakili namba yake upeleke polisi, usije kunipigia mimi kelele humu.