Wiki ya sita, bado anga tu

Kikundi: WAJUKUU WA BI MKUBWA
Jumamosi

Mama Rehema: Shikamooni wakubwa. Wengine habari za asubuhi. Naombeni ushauri. Rehema ana wiki ya sita kwa fundi wa picha za tingatinga, na hajachora hata kuku. Kila jioni anarudi na rangi ya bluu kwenye kucha.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Bluu ya nini?

Mama Rehema: Ya anga. Fundi anachora wanyama, mtoto anapaka anga. Na nauli natoa mimi.

Shangazi Zai: Loh! Huyo fundi kapata kibarua wa bure.

Kaka Juma: 😂😂 YouTube unajifunza twiga mzima dakika 10

Babu: Marahaba mama Rehema. Juma, hiyo simu yako iache ipumzike.

Babu: 🎤 ujumbe wa sauti (4:12)

Kaka Juma: Nani ana bando amsikilize babu atuandikie

Da Mwana: Ngoja.

Da Mwana: Anasema zamani alikuwa anapita Oysterbay akienda kazini. Edward Tingatinga, mwenyewe aliyeanzisha picha hizi, alikuwa anakaa chini ya mbuyu na vijana wake, picha zinauzwa palepale, kwenye maduka ya Morogoro Stores. Mtu wa Tunduru, alishakata mkonge Tanga kabla ya kuja Dar. Anachora kwenye vipande vya silingibodi kwa rangi ya kupaka baiskeli, maana ndiyo aliyoimudu. Alianza 1968, na 1972 polisi wakampiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu.

Mjomba Hamisi: Miaka minne tu! Innalillahi.

Da Mwana: Ndiyo hoja ya babu. Asingekuwa na vijana pembeni yake, mambo yangeishia pale. Kina Ajaba, Adeusi, January Linda, Mpata, Tedo. Wengine ndugu zake kabisa. Hawakusomea popote, walikaa naye wakamtazama mkono. Mwisho babu anakohoa, halafu anauliza nani kachukua redio yake.

Shangazi Zai: Sawa, lakini wiki sita za anga?

Rehema: Shikamooni. Jamani mimi nimo humuhumu kwenye kikundi 🙈

Mama Rehema: Si useme basi.

Rehema: Mama, anga ndiyo ngumu. Rangi ya mafuta unaichanganya hapohapo ubaoni ikiwa mbichi, juu imekolea, ukishuka inafifia mpaka karibu nyeupe. Ukichelewa kidogo inaanza kushika, brashi inavuta, mistari inabaki. Fundi ananiambia "brashi ikianza kulia, toa mkono". Mwanzoni nilikuwa sisikii chochote. Sasa naisikia.

Rehema: Halafu unasubiri ikauke, kesho yake ndiyo mnyama anawekwa, naye akauke, ndipo madoa. Chui ukimkalisha kwenye anga mbovu, humwokoi.

Mjomba Hamisi: Kumbe kama plasta. Fundi mbovu anakimbilia rangi.

Rehema: Na Alhamisi kanipa madoa!

Shangazi Zai: Enhee!

Rehema: Nikaweka. Akayafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hasemi neno. Nikaweka tena, akafuta. Mara tatu. Machozi yakanilenga. Mara ya nne kanishika mkono, kidole kidogo akakiegemeza kwenye ubao usitetemeke. Kasema chovya mara moja, gonga mara tano. La kwanza linatoka kubwa, la tano dogo. Kwa hiyo anza mgongoni, malizia mguuni, usipigane na brashi.

Da Mwana: Hiyo YouTube hawasemi, Juma.

Kaka Juma: Mimi nimenyamaza

Rehema: 📷 picha

Shangazi Zai: MashaAllah! Chui wako huyu?

Rehema: Wa fundi. Yangu ni madoa ya mguu wa nyuma, wa kushoto.

Mama Rehema: Yale yaliyobanana?

Rehema: Mama!

Babu: Yamebanana, lakini ni madoa. Nauli ya wiki ijayo natoa mimi. Na redio yangu irudi.

Kaka Juma: Hapo juu angani kuna nini cheusi?

Rehema: Inzi 😭 Kanasa siku ya kupaka anga, rangi ikiwa mbichi. Fundi kasema nisimguse, nikimbandua sasa naharibu anga yote. Rangi ikikauka kabisa tutamkwangua kwa wembe.

Shangazi Zai: Mwacheni hapohapo. Si mlisema mtoto hajaweka mnyama?