Majirani wa Mwanga: ugali mtaroni

Mama Rama: Jamani asalam aleikum. Nani kamwaga ugali mtaroni nyuma ya fundi baiskeli?? mbwa wamegombana pale usiku kucha sijalala mimi

Baba Tatu: 😂😂 kwangu hata ukoko haubaki

Mama Rama: Sicheki. Nusu sufuria, na dagaa juu, DAGAA! Mshasahau 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti tukawa tunaulizana dagaa utadhani dhahabu

Mama Zai: Haya ni mimi, naomba radhi majirani. Ila nimesonga ugali wa watu sita, Baba Zai kaja saa nne usiku eti keshakula chipsi stendi, watoto nao wameshiba mihogo kwa bibi yao, sasa ningefanyaje na friji lenyewe limekufa tangu Ramadhani

Baba Tatu: Shemeji hapo umetugusa wanaume wote 🙈

Bibi wa Kona: Mwanangu kiporo cha ugali si unakichoma asubuhi kwenye mkaa watoto wanywee chai, ndo tulivyolelewa. Dagaa unawarudisha jikoni na mawese kidogo mpaka wakauke. Wali ndo uuogope, ukilala nje na joto hili la ziwani hata ukiupasha tumbo litakusimulia

Dada Mwaju: Kweli bibi, kuna kijidudu kwenye wali hakifi chote kwa kupika, na sumu yake haiondoki ukipasha. Alafu ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1 na ushee, na asilimia 60 ilitoka majumbani sio mahotelini

Baba Tatu: Na mtaroni kwa fundi

Mama Rama: 😂 wewe! Mi naomba kitu kimoja tu, mwanaume ukila huko tuma "nimekula" kabla sijabandika maji, hata salamu usiweke

Mzee Kuku: Na makombo ambayo hayajaota ukungu leteni kwangu, ndoo ya bluu iko mlangoni. Msichanganye na nailoni tafadhali, juzi bata kameza

Mama Zai: Asante mzee, ntamtuma Zai

Baba Zai: Nimesoma yote. Leo nakula nyumbani

Mama Zai: Karibu mume wangu, maharage ya jana yanakusubiri 😊