Kwa nini CBS ilifuta vipindi vilivyokuwa bado vinapendwa mwaka 1971?

Mdadisi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Katika miaka ya 1960 shirika la televisheni la CBS la Marekani lilitamba kwa vichekesho vya watu wa shamba: The Beverly Hillbillies, kilichoongoza nchi nzima kwa watazamaji katika misimu yake miwili ya mwanzo kuanzia 1962, kisha Petticoat Junction na Green Acres. Ghafla, kati ya 1970 na 1971, vyote hivyo viliondolewa hewani, pamoja na Mayberry R.F.D. na kile cha muziki wa banjo na mzaha wa kijijini, Hee Haw, ambavyo katika msimu huo wa mwisho vilikuwa bado miongoni mwa vipindi 20 vilivyotazamwa zaidi. Mfanyabiashara gani hufunga duka wateja wakiwa wamejaa mlangoni? Je, ilikuwa ni dharau ya wakubwa wa New York kwa watu wa vijijini, au kuna hesabu ambayo mimi siioni?

Karani wa Hesabu
Hesabu ilikuwepo, ndugu Mdadisi. Kilichouzwa na CBS ni dakika za matangazo ya biashara, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wanunuzi wa dakika hizo walikuwa wameanza kuuliza watazamaji wana umri gani na wanaishi wapi. Mtu wa mjini mwenye miaka 18 hadi 49 alithaminiwa kuliko mzee wa kijijini, kwa kuwa aliaminika kuwa na fedha za matumizi na hajakita mizizi katika aina moja ya sabuni au gari. Shirika pinzani la NBC, lililokuwa likishindwa na CBS kwa jumla ya watazamaji, lilikuwa likijinadi kwa hoja hiyo hiyo.

Jambo la pili husahauliwa mno. Robert Wood, aliyeshika urais wa televisheni ya CBS mwaka 1969, alitokea kwenye idara ya vituo vilivyomilikiwa na shirika lenyewe. Vilikuwa vitano tu: New York, Los Angeles, Chicago, Philadelphia na St. Louis. Vingine vyote vilikuwa mali ya watu wengine, vikirusha vipindi vya CBS kwa mkataba. Faida ya vile vitano iliingia moja kwa moja mfukoni mwa shirika, na huko mijini ndiko vichekesho vya shamba vilikolegea. Kipindi kiliweza kushika nafasi ya 15 kitaifa na bado kikamkosesha Wood usingizi.

Msoma Ratiba
Naongeza mawili ya mwaka huo huo. Baada ya tarehe 1 Januari 1971 matangazo ya sigara yalipigwa marufuku katika televisheni na redio, na mapato makubwa yakapotea kwa siku moja. Pia tume ya mawasiliano ya serikali, FCC, iliamua kwamba kuanzia msimu wa vuli wa 1971 vituo vya masoko 50 makubwa (yaani miji mikubwa na maeneo yanayoizunguka) visichukue zaidi ya saa tatu za vipindi vya mashirika kila jioni. Jioni iliyokuwa ikianza saa moja na nusu ikasogea hadi saa mbili usiku, kwa hiyo ilikuwa lazima kila shirika lipunguze kitu. Cha kuchekesha ni kwamba nusu saa zilizoachwa wazi zilihitaji kujazwa, na Hee Haw, kikiuzwa kituo kwa kituo, kikaendelea kwa miaka 20 na ushei.

Mbishi wa Hoja
Mimi sikubali kwamba shamba lenyewe ndilo lililofukuzwa. Gunsmoke, hadithi ya mji mdogo wa Kansas, ilishika nafasi ya tano msimu ule ule wa 1970–71 na ikadumu hadi 1975. Mwaka 1967 ilikuwa imeshafutwa. Mkuu wa CBS, William Paley, akaamuru irudishwe, ikahamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumatatu (Gilligan's Island ndicho kilichotolewa kafara), nayo ikapanda tena hadi kumi bora. Kisha mwaka 1972 CBS hiyo hiyo ikaleta The Waltons, familia ya milimani Virginia wakati wa mdororo wa uchumi, ikaipanga Alhamisi dhidi ya The Flip Wilson Show ya NBC, ikashinda. Kilichochosha ni mzaha wa aina moja uliorudiwa miaka tisa.

Msoma Ratiba
Hapo umenena, maana mpangilio wa saa ulikuwa nusu ya kazi. All in the Family, kichekesho cha familia ya Queens, sehemu ya jiji la New York, inayogombana kuhusu rangi, vita na siasa, kilianza Januari 1971, Jumanne saa tatu na nusu usiku, mara tu baada ya Hee Haw! Hadhira ya banjo ilikabidhiwa watu ambao haikuwahi kuwaomba. Katika vuli hiyo Fred Silverman, msimamizi wa vipindi, alikihamishia Jumamosi saa mbili, kikaongoza nchi kwa misimu mitano mfululizo. M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, nacho kilisuasua Jumapili katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 1973 kikawekwa Jumamosi, katikati ya All in the Family na The Mary Tyler Moore Show, ambapo mtazamaji asingekuwa na sababu ya kuinuka kitini kubadili stesheni, na msimu huo kikamaliza katika nafasi ya nne.