Re: Ekari kumi nje ya Waco, jenereta ya ukubwa gani?

Kutoka: Mgeni wa Waco

Habari za jioni ndugu zangu. Mungu akijalia mwezi ujao tunahamia shamba: ekari kumi, nyumba ya zamani, kisima kirefu, banda kubwa la mabati. Nataka kuanza na mbuzi kumi na wawili na bustani ya mboga. Mke wangu hajaisahau ile dhoruba ya baridi iliyokata umeme Texas Februari 2021, anauliza umeme ukikatika tena siku nne tutaishije. Nimeona jenereta ya wati 3,500 kwa bei nzuri. Itatosha?

Kutoka: Mfugaji wa Waller

Hongera kaka, na karibu matopeni. Hiyo jenereta iweke pembeni kwanza nikuulize: pampu ya kisima chako ni ya volti ngapi? Nyumbani tumezoea soketi ya 230, unachomeka kitu kinawaka. Huku soketi za ukutani ni 120, lakini pampu za kuzamisha kwenye visima virefu nyingi ni 230 au 240, na jenereta ndogo nyingi hutoa 120 tu. Utakuwa na taa, friji na televisheni, na tone la maji huna. Tena pampu ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia.

Sisi wa visima umeme ukienda, maji nayo yameenda. Yanayobaki ni yale ya kwenye tangi la presha, na choo kikivutwa mara chache yamekwisha. Sasa piga hesabu. Mtu mmoja, lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Mbuzi mzima, lita 4 hadi 10, anayenyonyesha zaidi ya hapo. Mbuzi wako kwa siku nne wanaweza kumaliza lita 480 na hujanawa uso.

Ndiyo maana mimi naanza na simtanki. Hilo banda la mabati ni mali, kaka. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 25 limekupa lita 2,500, toa kidogo kinachomwagika. Texas vifaa vya kuvunia mvua vimesamehewa kodi ya mauzo, kwa hiyo uliza dukani kabla hujalipa. Tangi liweke mahali palipoinuka, maji yateremke yenyewe hadi kwenye birika la mifugo. Koki na kila bomba lililo juu ya ardhi livishe blanketi lake kabla ya Desemba. Tarehe 16 Februari 2021 Dallas ilifika nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, na hapo ndipo mabomba yalipopasuka.

Jenereta nunua, sikukatazi. Ila usije ukachomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme unarudi kwenye nyaya za barabarani, unamuua fundi aliye juu ya nguzo. Mwite fundi mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayotenga nyumba na nyaya za barabarani jenereta ikiwaka.

Kutoka: Mama wa Katy

Jamani wanaume, mmeongea volti hadi mmesahau watu. Mimi ni muuguzi. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 katika dhoruba ile. Wengi ni baridi, lakini wapo waliouawa na hewa ya sumu majumbani mwao: jenereta gereji, gari linanguruma mlango umefungwa, jiko la mkaa sebuleni. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa ndio wa kuambiwa kwanza, maana nyumba za kwetu zinapitisha upepo na hizi zimezibwa kila tundu. Mkaa usiingie ndani, hata dakika tano. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi lisielekee dirisha. Nunueni kengele ya betri ya kaboni monoksidi, ndiyo hiyo hewa ya sumu, ni bei ya chakula cha mchana.

Maji maangavu ambayo huna namna ya kuyachemsha: jiki isiyo na manukato wala sabuni, ya asilimia 6, matone 2 kwa lita, subiri nusu saa. Friji bila kufunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi, friza iliyojaa kwa saa 48. Mwenye insulini aniandikie pembeni.

Kutoka: Mzee wa Waxahachie

Wanangu, hamjambo. Mgeni, mbuzi kumi na wawili kwa mkupuo ni wengi kwa mtu asiyejua malisho yake. Anza na wanne. Baridi haiwaui haraka kama minyoo ya tumbo. Vuta kope la chini la mbuzi, ukiona pameupe, minyoo imemmaliza damu, huyo anakwenda. Wakati wa baridi wape nyasi kavu nyingi kuliko nafaka, kwa kuwa tumbo likisaga nyasi ndilo linalowapa joto. Banda lizibwe upande wa upepo, juu liachwe lipumue.

Mboga usihangaike kuagiza mbegu. Kunde ziko kila duka, watu wa huku wanazila Mwaka Mpya, na sukuma wiki huvumilia baridi kidogo. Halafu kabla ya vyote hivyo, mpelekee jirani mwenye trekta sahani ya pilau.

Kutoka: Mgeni wa Waco

Shikamoo mzee, nimekusikia, wanne. Nimekwenda leo kusoma kibao cha pampu: nguvu farasi 1, volti 230.

Kutoka: Mfugaji wa Waller

Basi ile ya 3,500 mwachie muuzaji. Tafuta yenye soketi ya 240 ya matundu manne, wati 7,000 kwenda juu, na fundi wa chenjiova apime kwanza umeme ambao pampu huvuta ikianza. Ikiwa ya gesi ya propani afadhali zaidi, gesi haichachi kama petroli iliyolala miezi. Jumamosi nina nafasi, nikija nitakuja na mkanda tupime paa.